Ishara za mikono kwa mtoto ambaye bado hajasema: maswali ya wazazi

Darasa la ishara za watoto ni kitu gani?

Mtoto wa miezi minane anaelewa mengi kuliko anayoweza kutamka. Ili aseme "maji", midomo, ulimi na pumzi lazima vipatane, na hilo huchukua muda. Mikono humtii mapema zaidi. Ndiyo maana hupunga kwaheri, hunyoosha mikono abebwe, na husukuma kijiko akishiba, yote hayo kabla ya neno lake la kwanza. Darasa la ishara linaanzia hapo alipo na kumwongezea alama chache za mambo yake ya kila siku: kunyonya, maji, ongeza, basi, inauma.

Madarasa haya yalianzia Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanasaikolojia Linda Acredolo wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aligundua kwamba binti yake alikuwa akinusanusa kila alipoona ua, kana kwamba kunusa ndiyo jina lake. Acredolo na mwenzake Susan Goodwyn wakaanza kulichunguza jambo hilo. Mtu mwingine, Joseph Garcia, alivutiwa na watoto wanaosikia waliozaliwa na wazazi viziwi, kwa jinsi walivyowahi kuwasiliana na wazazi wao kwa mikono. Leo madarasa ya namna hii yapo kwenye maktaba na kumbi za mitaa nchini Marekani na Uingereza, na kwetu wapo wazazi wanaotaka kuyaanzisha.

Mimi ni bibi. Mjukuu wangu akizoea mikono, si atakuwa mvivu wa kusema?

Shikamoo bibi. Hofu yako ni ya haki, na watafiti waliipima. Mwaka 2000 Goodwyn na Acredolo walichapisha utafiti wa watoto 103, waliofuatiliwa kuanzia miezi 11. Waliofundishwa ishara hawakuchelewa kusema, na katika baadhi ya vipimo walikuwa mbele kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, wakachapisha matokeo ya watoto 40 waliofuatiliwa kuanzia miezi minane hadi 20. Kati yao, waliofundishwa ishara hawakuonyesha faida yoyote ya lugha kuliko wenzao. Lakini mama zao walikuwa wepesi zaidi kuona mtoto anataka nini kabla hajalia.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kozi kwa ahadi kwamba mtoto atakuwa na akili kupita wenzake, weka pesa yako mfukoni. Kinachopatikana kwa hakika ni mzazi anayemtazama mtoto wake usoni, anayengoja ajibu, na anayeitika. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuitisha watu Jumamosi asubuhi. Sharti ni moja: ishara iende pamoja na sauti. Ukionyesha alama ya maji, tamka "maji". Bibi, endelea na nyimbo zako na hadithi zako, hizo hazina mbadala.

Tuanze akiwa na umri gani?

Miezi sita unaweza kuanza kumwonyesha. Wengi hujibu kuanzia miezi minane hadi kumi, wengine baadaye. Chagua alama tatu tu, na uzitumie pale jambo linapotokea: "ongeza" aonyeshwe bakuli likiwa mbele yake. Ataionyesha kombokombo, kama atakavyotamka maneno yake ya kwanza. Ipokee hivyo hivyo. Na usimnyime uji eti mpaka afanye ishara.

Nataka kuanzisha kikundi mtaani kwetu. Nianze vipi?

Anza na watu wachache. Familia sita hadi nane zinatosha. Zikizidi, kelele humchosha mtoto na mwalimu haoni mikono ya nyuma. Saa nzuri ni ile ambayo watoto wameshalala na kula, kwa kawaida asubuhi. Tandika mikeka, viatu vibaki mlangoni, na kila mzazi akae mtoto akimwelekea. Mtoto akipakatwa mgongo kwa mzazi, anaona ukuta tu, wala haoni mikono wala midomo ya mama yake.

Nusu saa ya kufundisha inatosha. Alama tatu au nne, kila moja ndani ya wimbo mmoja unaojulikana, mkirudiarudia bila haraka. Wiki inayofuata anzeni na zile za zamani kwanza. Mtoto akitaka kutambaa, atambae. Akilia, mama anyonyeshe hapo hapo. Anayejifunza hasa ni mtu mzima, mtoto atazipata nyumbani siku zilizobaki.

Kisha chai. Nakuomba usiione chai kama nyongeza. Mama aliyejifungua mtoto wa kwanza anaweza kukaa ndani siku nyingi bila mtu mzima wa kuzungumza naye, na ni kwenye chai hiyo ndipo husema kwamba halali, analia bila sababu, au mtoto hanyonyi vizuri. Ukisikia hayo, msikilize mpaka mwisho, na umsindikize kliniki ikibidi. Huzuni nzito baada ya kujifungua ni ugonjwa, na unatibika.

Waalike pia baba, bibi, na dada wa kazi. Mara nyingi dada ndiye anayeshinda na mtoto. Alama ambayo yeye haijui, mtoto hataitumia mchana kutwa.

Kwa usalama, chupa ya chai ya moto ikae juu, mbali na mikono midogo. Mwenye homa, anayeharisha au anayekohoa sana abaki nyumbani wiki hiyo. Vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni baada ya kila kikao, maana vyote vinaishia mdomoni. Na asipigwe mtoto picha bila ruhusa ya mzazi wake.

Je, nikijifunza kwenye video za simu, zinatosha?

Zinaweza kukusaidia wewe, si mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Tatizo lingine ni kwamba video nyingi zinaonyesha lugha ya alama ya Marekani, na lugha za alama hutofautiana nchi kwa nchi. Tanzania tuna Lugha ya Alama ya Tanzania. Kenya wana lugha ya ishara yao, iliyotajwa katika Katiba ya 2010 na inayotumika bungeni.

Mwalimu bora wa kikundi chako ni kiziwi. Alama hizi ni za jamii yake. Mtafute kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, au shule ya viziwi iliyo karibu, na mlipe kama mnavyomlipa mwalimu mwingine yeyote.

Mwanangu ana miezi kumi na haitiki akiitwa. Darasa litamsaidia?

Kwanza apimwe masikio, na usingoje kikao kijacho. Mwongozo unaofuatwa na wataalamu wengi ni mtoto kuchunguzwa usikivu kabla ya kutimiza mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, na kuanza kusaidiwa kabla ya miezi sita. Kama hakuwahi kupimwa, bado mpeleke sasa. Uharakishe zaidi ikiwa alizaliwa njiti, alipata manjano kali, au aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo. Asiyeshtuka mlango ukibamizwa, au aliyekuwa akibwabwaja kisha akanyamaza, naye apimwe.

Akionekana kuwa haisikii sauti, alama tatu kama "maji" na "ongeza" hazitamtosha, kama vile maneno matatu yasivyomtosha mtoto anayesikia. Yeye anahitaji lugha kamili ya alama, mapema, kutoka kwa watu wanaoijua, hata kama pia atapewa vifaa vya kusikia. Wewe na nyumba nzima itabidi mjifunze pamoja naye, na hapo ndipo kikundi kinapokuwa msaada mkubwa: atakutana na watu wazima viziwi, nawe utawaona wanafanya kazi na kulea watoto wao.

Utafiti wa Laura Petitto na Paula Marentette, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba watoto viziwi wanaokua wakiona lugha ya alama hubwabwaja kwa vidole, kama wenzao wanavyobwabwaja kwa sauti. Ukimwona mwanao anachezesha vidole hivyo, usimshike mikono atulie. Kaa mbele yake, mtazame, umjibu.