Simenti Haikazi Ukuta wa Mji Mkongwe

"Piga simenti tu, fundi, ukuta ukaze." Nimechoka kujibu kila mmoja peke yake, basi naandika mara moja.

Nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, ukuta mara nyingi unene wa sentimita 50 au zaidi. Haina nailoni ya kuzuia unyevu chini, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda, upende usipende. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke, ukuta ukakauka.

Ukiuvika simenti, maji hayakomi. Yanakosa pa kutokea, yanapanda mpaka simenti inapoishia. Ndiyo maana mtu anapiga lipu mita 1, baadaye doa liko mita 1 na nusu, naye anaongeza simenti! Huku ndani udongo unalainika, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza kimyakimya. Hapo ndipo pa kuogopa. Lipu ikidondoka utaiona. Boriti ikioza utajua siku sakafu ya juu inapobonyea.

Gonga lipu ya simenti kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, imeshaachia. Bomoa kwa patasi na nyundo ndogo (kubwa itaondoka na mawe), uache ukuta ukauke miezi kadhaa, chumvi uisugue kwa brashi kavu. Usiioshe, itarudi ndani.

Kisha piga lipu mpya: chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga usiwe wa pwani, tabaka za milimita 10 hivi. Kila tabaka inyunyizie maji siku kadhaa. Ikikaushwa na jua hupasuka na kugeuka unga. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa, la sivyo punje mbichi zitafumuka ukutani na kutoboa lipu.

Wengi hutia "simenti kidogo tu" ishike haraka. Juu ya paa, panapopigwa na mvua ya masika, sina ubishi mkali kama wenzangu. Chini ukutani, hapana. Na tuseme kweli: hata lipu ya chokaa karibu na ardhi huchakaa, utaipiga tena. Afadhali ichakae yenyewe kuliko jiwe.

Rangi ya plastiki juu yake ni kurudi kule kule. Paka chokaa nyepesi, mikono mitatu au minne, ukuta ukiwa bado na majimaji.