Kwa nini Lejio ya Maria haigawi misaada?

Wanalejio wawili, yaani wanachama wa Lejio ya Maria, chama cha kitume cha waumini Wakatoliki, wanamtembelea mjane mgonjwa. Wanasali naye, wanamfulia nguo na kumpikia, kisha wanaaga. Hawaachi pesa, wala unga, wala hata gauni kuukuu. Majirani wanaoona haya huwa na jibu tayari: chama cha kanisa kisicho na huruma, au kisicho na fedha.

Yote mawili si kweli. Kitabu cha mwongozo cha Lejio kinakataza wanachama kutoa msaada wa mali, hata ule mdogo kabisa, na kinataja waziwazi kwamba nguo kuukuu nazo zimo katika katazo hilo, kwa kuwa uzoefu ulionyesha kwamba lazima zitajwe. Wala mwongozo haudharau kuwasaidia maskini. Unakusifu kuwa ni tendo jema, na unakitaja kwa heshima Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho kazi yake imejengwa juu ya msaada huo. Frank Duff, mwanzilishi wa Lejio, alikuwa mwana-Vinsenti tangu 1913. Alikuwa mlei (si padri wala mtawa), mtumishi wa serikali, na aliujua umaskini wa Dublin kwa kuingia nyumba za watu. Kwa hiyo katazo hili halikutoka kwa mtu asiyewajua wenye njaa.

Lejio ilianza Dublin, Ireland, tarehe 7 Septemba 1921, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatembelea wanawake wagonjwa hospitalini, wawili wawili. (Isichanganywe na Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki nchini Kenya miaka ya 1960.) Vikundi vyake huundwa parokiani, hukutana kila wiki, na kila mwanachama hupewa kazi ambayo ataitolea taarifa mkutano unaofuata.

Sababu ya katazo iko katika lengo la kazi yenyewe: kumfikia kila mtu wa parokia, tajiri kwa maskini. Hebu fikiria gari la wagonjwa likisimama mbele ya nyumba. Majirani hawahitaji kuambiwa kwamba humo kuna mgonjwa. Hata kama dereva amekuja tu kumsalimia shangazi yake, habari imeshaenea, na siku nyingine mwenye nyumba atamwomba aegeshe mbali. Ndivyo inavyokuwa kwa wageni wanaojulikana kwa kugawa vitu. Wakibisha hodi kwa mtu anayejiweza, yeye huona mtaa mzima utamhesabu miongoni mwa wahitaji, na polepole milango inayofunguka inabaki ile ya wenye shida tu. Huko nako kuna tatizo, kwa sababu aliyetegemea kitu asikipate hukasirika, na maneno ya imani hayamwingii tena. Hata aliyepata, mwongozo unasema, zawadi hiyo haimletei faida ya kiroho.

Nguvu ya hoja hii hutegemea mahali. Palipo na majirani wasiojuana, aibu ya kutembelewa hupungua. Lakini katika parokia ambako kila mtu anajua nani kaingia kwa nani, naiona ni hoja nzito.

Kazi za mikono hazimo katika katazo. Kumfulia na kumpikia mjane yule ni huduma, na mwongozo unaihimiza. Akiwa na njaa, wanalejio wanapaswa kufanya kila juhudi ili vyama vyenye kazi ya kusaidia vishughulikie shida yake. Na vyama hivyo vyote vikishindwa? Hata hapo Lejio haipaswi kuingia yenyewe. Hiki ndicho kipengele kigumu kuliko vyote, na sishangai kuona watu wema wakikipinga.

Fedha zipo, ila zina njia yake. Katika kila mkutano mfuko wa siri huzungushwa. Kila mmoja hutumbukiza mkono ndani, hata asiye na kitu, ili asijulikane nani katoa na nani hakutoa. Kikundi hulipia mahitaji yake, na kinachobaki hupelekwa baraza la juu, ili Lejio ipate kuenea. Kwa kazi hiyo ya kueneza, Edel Quinn, mwanamke wa Ireland aliyewahi kuugua kifua kikuu, alitumwa Afrika Mashariki mwaka 1936. Alianzisha vikundi parokia kwa parokia mpaka alipofariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944.