Maadili huanzia mlangoni mwa ukumbi

Anayekuja kwenye mihadhara yetu ya umma hapa Arua, Uganda, hukutana kwanza na daftari: jina, namba ya simu, kijiji, sahihi. Katika mhadhara mmoja kuhusu vyombo vya habari na teknolojia, mama muuza vitenge aliandika jina akaacha nafasi ya simu wazi. Kijana wa mlangoni akamwambia, "Mama, namba." Akajibu, "Ya nini, mwanangu? Mtanipigia?" Kijana hakuwa na jibu. Mimi niliyekuwa nyuma yake, nimeshika karatasi za kufundishia maadili, sikuwa nalo pia.

Sheria iko upande wa mama huyo. Ile ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aseme ni za kazi gani, apate ridhaa yake, na asizigeuzie kazi nyingine. Daftari lililoachwa mezani hupigwa picha mara moja, na kampeni zikianza wenye namba zile wanashangaa wagombea wamewajulia wapi. Siku hizi tunaandika majina tu.

Nchi hii ina mila yake ya kujadiliana hadharani. Watu wa rika langu wanakumbuka ebimeeza: redio inatoka studio, inaweka maikrofoni penye watu, mwenye hoja anasimama na kusema, matangazo yanakwenda moja kwa moja. Ekimeeza, umoja wa neno hilo, ni meza yetu hii hii, Waganda wameikuza tu ikawa meza kubwa. Kile cha kituo cha redio CBS kiliitwa Mambo Baado, jina lisilohitaji mkalimani. Septemba 2009, baada ya ghasia za Kampala, serikali ikaipiga marufuku mijadala hiyo. Maneno ya ovyo yalikuwepo, sikatai. Ila pale mtu akidanganya, jirani yake alimkatiza papo hapo, na sura yake kila mtu anaiona. Kwenye kundi la WhatsApp sauti hufika bila mwenyewe.

Tuliwahi kuwasikilizisha watu ukumbini sauti ya namna hiyo. Ilidai kituo fulani cha kupigia kura kimehamishwa "kuanzia leo". Ukumbi ukaguna. Kijana wa bodaboda akanyosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, leo gani?" Hakuna aliyejua. Sauti haikuwa na tarehe, msemaji hakujitaja, na aliyeituma aliipata kwa mwingine aliyeipata kwa mwingine. Siku hizi kompyuta nayo inaiga sauti ya mtu barabara, kwa hiyo kuitambua sauti hakutoshi. Piga simu kwa aliyekutumia, umuulize kaitoa wapi. Kama ni habari ya kituo cha kura, nenda kwa ofisa wa uchaguzi au ubao wa matangazo. Januari 2021 intaneti ilizimwa mkesha wa kupiga kura na kurudi siku tano baadaye. Uvumi uliendelea kwa midomo, na wa kuukanusha hakuwa na njia.

Wengine wanataka polisi waifanye kazi hiyo ya kuzuia uongo. Mahakama zimeona vingine. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wanahabari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, ilifuta kosa la jinai la kuchapisha habari za uongo. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichofanya ujumbe wa kuudhi kuwa jinai. Kumchafulia mtu jina bado kunaweza kukufikisha mahakamani. Lakini kupima neno kabla ya kulisambaza kumebaki kazi yako, hata kama jirani yako hapimi.

Kuna na bahasha, hela wanazopewa waandishi wa habari. Kanuni za maadili zilizomo katika sheria ya wanahabari ya 1995 zinakataza rushwa, na bado mhadhara wa maadili ukiisha, waandishi hupanga foleni ya "nauli". Siwacheki. Wa mikoani wengi hulipwa kwa kila habari, na hela hiyo haitoshi hata mafuta ya pikipiki. Anayestahili lawama kwanza ni sisi tunaotoa bila kutangaza.

Mhadhara uliofuata mama wa vitenge alirudi. Swali lake likawa la kwanza: "Viti hivi na maji haya, kalipa nani?" Tukamsomea jina la mfadhili na kiasi. Akafungua daftari lake la mauzo, akaandika.