"Guru" katika sukari guru: sauti moja, maneno mawili ya Kisanskriti

Anayenunua bonge la sukari guru sokoni, lile la kahawia linalonukia muwa uliochemshwa hadi ukakaribia kuungua, hurudi nyumbani na maneno mawili yenye asili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. La kwanza, sukari, limesafiri mbali lakini njia yake inafahamika. La pili limewapotosha wengi, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ndilo guru linalotajwa kwa walimu wa dini za Kihindi, na si hilo.

Katika Kisanskriti, śarkarā ni changarawe au mchanga wa chembe kubwa. Sukari ilipewa jina hilo kwa sababu maji ya muwa yakichemshwa na kugandishwa hutoa punje zinazokwaruza vidole kama changarawe. Nearchus, aliyeongoza merikebu za Aleksanda Mkuu kutoka India mwaka 325 KK, alieleza habari za matete yanayotoa asali pasipo nyuki, maana Wagiriki hawakuwa na jina la kitu hicho. Waajemi walisema shakar, Waarabu sukkar, nasi, ambao lugha yetu haipendi neno liishie kwa konsonanti, tukaongeza irabu. Tawi jingine la śarkarā lilipita kusini mwa India, likachukuliwa na Wareno, na hatimaye likazaa jaggery, jina ambalo Waingereza huiita hiyo hiyo sukari guru.

Guru hili la sukari linatokana na guḍa, yaani tufe au donge, na anayetazama inavyotengenezwa huelewa mara moja. Muwa hukamuliwa, maji yake huchemshwa katika karai pana, povu huenguliwa tena na tena, na uji unaozidi kuwa mzito humiminwa kwenye vyombo ugande pamoja na urojo wake mweusi, bila punje kutenganishwa nao. Śarkarā ni punje, guḍa ni donge: tofauti iliyomo katika maneno ndiyo iliyomo katika vitu vyenyewe. Katika Kihindi sauti ya ḍ ililegea ikawa aina ya r inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi na kuipiga mara moja, neno likawa gur. Kiswahili hakina sauti hiyo. Sisi tulisikia r ya kawaida, tukaongeza u mwishoni. Nchini Kenya wengi husema sukari nguru, na hapo huingia mkanganyiko mwingine, wa samaki, ambao angalau hauwezi kulaumiwa Kisanskriti.

Guru la mwalimu ni neno jingine kabisa. Asili yake ni kivumishi chenye maana ya "-zito", na wanaisimu hulihusisha na gravis la Kilatini, lenye maana hiyo hiyo. Mswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwani naye husema "neno zito" na "mtu mzito" bila kufikiria mizani ya dukani. Mwalimu aliitwa guru kwa uzito wa elimu na heshima yake. Yako maelezo mengine yanayopendwa sana, kwamba gu ni giza na ru ni mwenye kuliondoa. Yamo katika maandiko ya Kihindu na yana mafunzo yake ya kiroho, lakini ni uchezaji wa maneno, si historia ya neno.

Maana ya uzito imebaki wazi zaidi katika ushairi. Silabi yenye irabu ndefu, au inayofuatwa na konsonanti mbili, huitwa guru, na ile nyepesi huitwa laghu. Mshairi wa Kisanskriti huzipanga nzito na nyepesi kwa utaratibu maalumu, wakati mshairi wetu wa mizani huhesabu silabi zote sawa. Kwa Kalasinga, guru ni cheo cha viongozi wao kumi, kuanzia Guru Nanak (1469–1539), na gurudwara, kama ile ya Makindu inayojulikana na wasafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi, ni "mlango wa guru".

Msemaji wa Kihindi hawezi kuyachanganya maneno haya. Kwake gur ni silabi moja, guru ni silabi mbili, na r zake si sauti moja. Ni ile irabu tuliyoiongeza sisi iliyoyafanya yafanane.