ESR ya kapasita: kwa nini ubao mama hugoma hata baada ya kuwekewa kapasita mpya

Kapasita iliyovimba kichwa inaonekana kwa macho, kwa hiyo kuibadilisha huchukuliwa kuwa kazi nyepesi: soma maandishi, tafuta yenye mikrofaradi na volti zilezile, ng'oa ya zamani, weka mpya. Bodi nyingi hufufuka kwa namna hiyo. Lakini zipo zinazogoma. Feni inazunguka sekunde moja na kusimama, au inazunguka vizuri lakini kioo ni cheusi, au Windows inafunguka na mashine inazima pindi mtu anapowasha video. Mara nyingi chanzo ni namba ya tatu, ambayo haikuandikwa kwenye kopo la kapasita. Namba hiyo ni ESR.

ESR (kifupi cha equivalent series resistance) ni ukinzani uliomo ndani ya kapasita yenyewe. Kapasita ya kwenye vitabu huhifadhi chaji na kuitoa bila kupoteza chochote. Ya kweli ina miguu, ina karatasi za alumini zilizoviringishwa, na katikati yake ina elektroliti, ule umajimaji unaolowesha karatasi. Kila kimoja kinauzuia umeme kidogo. Vizuizi hivyo vyote vikijumlishwa ni kama rezista ndogo iliyofungwa kwa mfululizo ndani ya kapasita. Hupimwa kwa omu, na kwenye ubao mama tunazungumzia miliomu, yaani sehemu za elfu za omu. Tangi la lita 1000 juu ya paa likiwa na bomba jembamba kama mrija, maji yapo lakini hayatoki kwa kasi unayotaka. Mikrofaradi zinakwambia ukubwa wa tangi. ESR inakwambia wembamba wa bomba.

Prosesa inahitaji bomba pana. Haitumii volti 12 za pawa saplai moja kwa moja. Pentium 4 au Core 2 hutaka volti 1.2 hadi 1.5 hivi, na kwa volti ndogo kama hiyo ampea zinakuwa nyingi: wati 65 kwenye volti 1.3 ni ampea 50. Sehemu inayoshusha volti hizo ndiyo ile iliyoizunguka soketi, yenye mosfeti, koili na mstari wa kapasita. Mosfeti hukata na kuunganisha umeme wa volti 12 mara laki mbili, tatu kwa sekunde. Koili huulainisha, na kapasita humeza mtikisiko uliobaki. Kapasita hizohizo ndizo hutoa umeme wa haraka prosesa inapoamka ghafla na kudai zaidi.

Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Chukua kapasita sita zilizofungwa sambamba, kila moja ikiwa na ESR ya miliomu 12. Kwa pamoja zina miliomu 2. Prosesa ikidai ampea 30 za ziada kwa mara moja, volti inashuka kwa 0.06, jambo ambalo prosesa inalivumilia. Sasa weka kapasita sita za kawaida, zile za redio na chaja, zenye miliomu 120 kila moja, mikrofaradi zikiwa zilezile. Jumla ni miliomu 20, na kwa ampea zilezile 30 volti inashuka kwa 0.6. Kutoka 1.3 unabaki na 0.7. Kapasita ndogo za seramiki zilizo katikati ya soketi huziba sehemu ya mwanzo kabisa ya pengo hilo, lakini haziwezi kulibeba lote. Prosesa inakosea hesabu, na mashine inaganda au inajiwasha upya. Joto nalo linapanda: kapasita inayopitisha ampea 2 za mtikisiko kwa miliomu 12 inapoteza wati 0.05 tu, ila kwa miliomu 120 inapoteza karibu wati 0.5, kiasi cha kuipika ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana bodi iliyowekewa kapasita zisizofaa inaweza kuwaka vizuri dukani, kisha ikarudi baada ya wiki chache ikiwa imevimba upya palepale.

Kwa hiyo soma jina la toleo, ambalo huandikwa kwa herufi mbili au tatu pembeni ya kapasita, kisha tafuta jedwali lake kwa mtengenezaji. Rubycon MCZ na Nichicon HN ni za karibu miliomu 10. Panasonic FM na FR ziko juu kidogo, 20 hadi 40 kwa ukubwa unaotumika kwenye bodi, na zinatosha sehemu nyingi zisizo za prosesa. Kapasita isiyo na jina la toleo, au iliyoandikwa nyuzi 85 badala ya 105, usiiweke karibu na soketi hata kama ndiyo pekee iliyopo dukani. Na uitazame kwa makini hata ikiwa na jina kubwa: ya mikrofaradi 3300 yenye kopo dogo kuliko zote za aina yake, maandishi yenye ukungu, nyepesi mkononi, huenda ni ya kughushi.

Jina kubwa halitoshi peke yake. Miaka ya mwanzo ya 2000 bodi nyingi duniani ziliharibika kwa sababu ya elektroliti mbovu iliyokuwa ikizalisha gesi ndani ya kopo. Dell ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kompyuta za aina hiyo, zikiwemo OptiPlex GX270 na GX280.

Ukikosa kapasita mpya nzuri, kadi za picha zilizokufa ni hazina. Zimejaa kapasita za polima, zile fupi zenye kichwa bapa kisicho na msalaba (ule mkato wa kutolea gesi), zenye alama ya rangi upande mmoja. ESR yake ni miliomu 5 hadi 10 na haina umajimaji wa kukauka. Polima ya mikrofaradi 820 na volti 2.5 inaweza kuchukua nafasi ya ya kawaida ya 3300 upande wa prosesa, kwa sababu pale ESR ndiyo inayotawala kuliko ukubwa. Chunga volti tu: ile ya 2.5 haiendi kwenye mstari wa volti 5 wala 12. Upande unaopokea volti 12 weka ya volti 16.

Usiseme basi zote ziwe polima. Kwenye regulita ndogo za moja kwa moja, zile zenye miguu mitatu zinazolisha chipu nyingine za bodi, baadhi zilibuniwa zikitegemea ESR kidogo ili zitulie. Ukiweka polima, volti inaanza kuyumbayumba yenyewe na bodi inakuwa na tabia zisizoeleweka. Hapo rudisha ya elektroliti nzuri.

Mita ya kawaida yenye sehemu ya mikrofaradi haioni ESR. Inapima polepole, na kapasita iliyokufa inaweza kuonyesha asilimia 90 ya mikrofaradi zake huku ESR yake imepanda mara kumi. Unahitaji mita ya ESR, inayopima kwa kilohezi 100 hivi, au testa ndogo ya vifaa inayoonyesha ESR. Toa chaji kwanza. Kisha kumbuka kuwa kapasita zilizo sambamba kwenye bodi zinafichana: mbovu moja kati ya sita nzima haionekani mpaka uing'oe. Kwa sababu hiyo pima kila kapasita, hata mpya, kabla ya kuilehemu.

Ikiwa kapasita ni sahihi na bodi bado haijawaka, geukia ulehemu. Angalia upande wa hasi kwanza. Mstari mweupe kwenye kapasita za elektroliti ni hasi, na kwenye bodi nyingi nusu iliyopakwa rangi ni hasi pia, lakini wapo watengenezaji wanaofanya kinyume. Usiamini mchoro, pima kwa mlio wa mita kati ya kitundu na kichwa cha skrubu ya bodi. Kinacholia ndicho hasi. Kapasita ndogo za tantalamu za juu ya bodi ni kinyume: mstari wake ni chanya. Kapasita iliyowekwa kinyume hupata moto, hutoa sauti na kupasuka, na wakati mwingine huondoka na mosfeti.

Kosa ambalo huwahangaisha mafundi wengi halionekani kabisa. Vitundu vya ubao mama vina ngozi ya shaba ndani inayounganisha tabaka, na bodi ya kawaida ina nne au sita. Mguu wa hasi umezama kwenye tabaka pana la ardhi (njia ya hasi ya bodi nzima) ambalo linanyonya joto lote, na chuma cha solda cha wati 30 hakiwezi kuyeyusha hadi juu. Fundi akivuta kabla ya wakati, ngozi hiyo inatoka na mguu. Tazama mguu uliong'oa: ukiona bomba dogo la shaba limeung'ang'ania, kitundu kimepasuka. Ukiweka kapasita mpya solda ya chini itang'aa vizuri, ila tabaka za katikati na juu hazijaguswa. Ya kupima ni rahisi: chanya za kapasita za prosesa zote ziko kwenye njia moja na koili, hivyo mlio lazima uwepo kutoka mguu wa kila moja hadi koili. Pasipolia, lehemu mguu pia kwa juu kama nafasi ipo, au chukua waya mwembamba kutoka mguu hadi mguu wa jirani wa njia ileile.

Kuzuia hilo, tumia chuma cha wati 60 au zaidi chenye ncha pana, nyuzi 370 hivi, na uongeze kwanza solda yenye risasi juu ya ile ya zamani. Ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka karibu nyuzi 217, ile ya 63/37 huyeyuka 183. Zikichanganyika kazi inakuwa laini. Kusafisha kitundu, sindano ya chuma kisichoshika solda hufanya kazi vizuri kuliko kutumia nguvu.

Kabla ya kuwasha, pima omu bila umeme. Kwenye plagi ya pini nne ya volti 12, pini ya waya wa njano hadi wa mweusi isomeke juu ya omu chache. Ikisoma sifuri, mosfeti za juu (zile zilizounganishwa na volti 12) zimekufa, au kapasita ya upande wa volti 12 ina shoti. Kwenye koili ya prosesa hadi ardhi, usiogope ukisoma omu 2 au chini, kwani prosesa yenyewe ni mzigo mdogo sana wa omu. Itoe na upime tena. Namba ikipanda, sawa. Ikibaki sifuri, tafuta tone la solda lililotapakaa au mosfeti ya chini (iliyounganishwa na ardhi) yenye shoti.

Wakati wa kuwasha, acha prosesa na feni yake, ramu moja, spika na plagi zote mbili za umeme tu. Kwenye plagi kubwa, waya wa zambarau uwe na volti 5 hata bodi ikiwa imezimwa. Waya wa kijani unashuka karibu na sifuri ukibonyeza swichi. Waya wa kijivu unapanda hadi volti 5 pawa saplai ikishakubali kila kitu. Feni ikizunguka sekunde moja na kusimama, kinga imeona shoti au mzigo mkubwa mno. Ikizunguka bila picha, pima volti kwenye koili ya prosesa, kisha za ramu: 2.5 kwa DDR, 1.8 kwa DDR2, 1.5 kwa DDR3. Ikikosekana ya prosesa wakati 12 ipo, hakikisha prosesa imo kweli, maana bodi nyingi hazitoi volti hiyo soketi ikiwa tupu. Mtikisiko wenyewe hutauona kwa mita ya bei rahisi hata ukiiweka kwenye AC. Kasi yake ni kubwa mno, ni kazi ya oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme. Kwa asiye nayo, acha Memtest86, programu ya kupima ramu, izunguke usiku kucha.

Dalili moja ifuatilie kwa makini. Mashine inayokataa asubuhi ikiwa baridi, kisha ikawaka baada ya kubonyezwa mara kadhaa na kufanya kazi siku nzima, ina kapasita yenye ESR iliyopanda, kwa sababu ESR ya elektroliti huwa mbaya zaidi kwenye baridi. Kama ulibadilisha tu zilizovimba, iliyobaki ni mojawapo ya zile zinazoonekana nzima, hasa ndogo zisizo na msalaba kichwani. Jaribu kwanza pawa saplai nyingine, kwani ile ya zamani ina kapasita za umri uleule, na ile ndogo ya mstari wa zambarau hufa mapema kuliko zote. Ukiifungua, kapasita kubwa ya kuingilia inashikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na lazima uitoe chaji kwa rezista ya kiloomu chache, wati 5, kisha uipime, kabla ya kugusa kitu kingine chochote ndani yake.