Ngumi ya kwanza isirushwe mapema: kuandika mapigano na safari za hatari

Tukio la mapambano huharibika kabla mapambano hayajaanza. Mwandishi anakimbilia ngumi, halafu katikati ya ngumi anagundua kuwa msomaji hajui chumba kina milango mingapi, bastola iko mezani au mfukoni, na kwa nini watu hawa wawili hawaachani tu kila mtu akaenda zake. Basi anasimamisha ugomvi ili aeleze. Kasi inakufa hapo hapo, na hakuna kitenzi kikali kitakachoifufua.

Ndiyo maana naamini kasi hutoka kwenye yale ambayo msomaji ameshayajua kabla ya kofi la kwanza. Ukimaliza kumjulisha mapema, wakati wa purukushani huna la kufafanua. Unasimulia tu.

Anza na karatasi. Chora mahali pa tukio kama anavyopaona ndege akiwa juu: kuta, milango, madirisha, taa, vitu vizito, vitu vinavyovunjika. Weka umbali. Mtu mzima akikurupuka anamaliza mita sita kwa takribani sekunde mbili, kwa hiyo kama adui yuko mita sita na bastola ya mhusika wako imo ndani ya mkoba uliofungwa zipu, bastola hiyo haipo. Ramani itakuambia hilo kabla msomaji hajakuambia.

Chini ya ramani andika kila mtu anataka nini ndani ya chumba hicho, dakika hiyo. Kiwe kitu cha kushikika. "Kuiokoa nchi" ni lengo la riwaya nzima; lengo la tukio ni kutoka na daftari, kuzuia mlango usifungwe, kumvusha mtoto mto. Halafu andika atapoteza nini akishindwa, na jibu lisiwe "uhai" kila mara. Kila aliyekulia kwenye mabanda ya sinema anajua kwamba steringi hafi. Taharuki ukiitundika kwenye swali la kufa au kupona, msomaji ameshalijibu kabla yako. Itundike kwenye ushahidi, rafiki aliyebaki nyuma, au ahadi, vitu ambavyo steringi anaweza kweli kuvikosa.

Mwisho chagua vitu viwili au vitatu vya chumbani vitakavyotumika, uvipande mapema. Kitu kitakachomwokoa mhusika kionekane kabla, tena kionekane kwa sababu nyingine kabisa. Mafuta yaliyomwagika sakafuni yaingie kwenye hadithi kama kero: mtu amechafua kiatu, amelalamika, amepita. Kurasa kumi baadaye mtu mwingine akiyatelezea, msomaji anakumbuka na kufurahi. Ukiyataja sentensi mbili tu kabla ya kuyatumia, anaona mkono wako ukiyamwaga.

Nani kaanguka?

Tazama aya hii, ya aina inayojaa kwenye miswada:

*Kasimu alimrukia Zuhura kwa kasi ya ajabu. Ghafla akakwepa, akamrushia ngumi, akamkamata mkono, akampiga teke, akaanguka chini kwa kishindo huku akitoa kisu.*

Nani kakwepa? Nani kaanguka? Kisu ni cha nani? Hili ni tatizo la Kiswahili chenyewe: kiambishi *a-* hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala Kasimu na Zuhura, na *-m-* ni hivyo hivyo. Watu wawili wakishikana, kila *akam-* ni fumbo. Wengi hulitatua kwa kurudia majina katika kila sentensi, na pambano linasomeka kama daftari la mahudhurio.

Dawa imo ndani ya lugha hiyo hiyo. Ngeli za vitu zinatofautiana, kwa hiyo kiachie kitu au kiungo cha mwili kitende: rungu likapanda, kisu kikamponyoka, goti likamwingia tumboni. Msomaji akishajua rungu ni la Kasimu, kila *li-* ya rungu hilo inamwelekeza kwa Kasimu bila kumtaja. Mpe kila mpiganaji kitu chake, cha ngeli tofauti ikiwezekana, na nusu ya kazi imekwisha.

Aya ileile, baada ya ramani na vitu kupandwa:

*Kasimu alishuka ngazi bila haraka. Sasa alikuwa kati ya Zuhura na mlango. Zuhura akalibana daftari kwapani, akarudi nyuma mpaka kisigino kikagusa pipa. Mafuta yalikuwa yametambaa hadi chini ya taa. Rungu likapanda. Zuhura akainama, pipa likalia. Kasimu akapiga hatua, mguu ukateleza, goti likagonga sakafu. Zuhura alikuwa keshampita. Mkono ukadaka upindo wa gauni. Kitambaa kikachanika, daftari likaponyoka, likaserereka mpaka ilipo taa. Nje, mtu alikuwa anasukuma mlango ufunge.*

Hakuna pigo hata moja lililompata Zuhura, na bado mambo ni mabaya kuliko yalivyoanza. Hicho ndicho kipimo changu. Orodhesha hali ya mhusika mwanzoni mwa tukio na mwishoni. Ikiwa haijabadilika, kwa kupata au kupoteza, tukio hilo lifutwe hata kama mateke yake ni mazuri.

-ka- ndiyo injini, lakini ina joto

Kiambishi *-ka-* kimebeba "kisha" ndani yake. Ndiyo sababu "kisha akapiga" na "halafu akakimbia" ni kumwaga maji mtoni. Lakini *-ka-* saba mfululizo zinageuka wimbo wa kumbembeleza mtoto. Baada ya tano au sita, katiza. Katika aya ya juu, "yalikuwa yametambaa" inamsimamisha msomaji nusu sekunde atazame sakafu, na "alikuwa keshampita" inaruka kitendo kizima: hatukuona Zuhura akipita, tuliona ameshapita. Mruko wa namna hiyo una kasi kuliko kitenzi chochote.

Kwa kuwa *-ka-* hufuata mpangilio wa matukio, sababu itangulie tokeo. "Aliruka kando baada ya kusikia kioo kikipasuka" imepindua saa. Andika: *Kioo kikapasuka. Akaruka kando.* Na uwe mchoyo wa "huku". "Akakimbia huku akifyatua risasi huku akiyakumbuka maneno ya marehemu baba yake" ni mtu mwenye vichwa vitatu.

Sentensi fupi pekee pia si dawa. Ukurasa mzima wa sentensi za maneno matatu unasomeka kama mtu mwenye kwikwi. Soma kwa sauti: pumzi yako ikikatika mahali ambapo pumzi ya mhusika ingekatika, umepatia.

Kisha tafuta "ghafla" katika mswada mzima. Neno hilo huharibu kile kile linachotangaza, kwa sababu aliyeambiwa "ghafla" ameshajiandaa. Lifute uone kama sentensi imepungukiwa. Mara nyingi haijapungukiwa. "Kama umeme" na "kufumba na kufumbua" zifuate njia hiyo hiyo.

Tanakali za sauti ni utajiri unaotumika ovyo. Aangukaye mchangani ni tifu, majini chubwi, matopeni tapwi. Neno moja linampa msomaji sauti na ardhi kwa pamoja. Moja kwa tukio linatosha. Zikiwa tano, pambano limekuwa kichekesho.

Hesabu zinazowaumbua waandishi

Bunduki ya AK-47 hufyatua takribani risasi 600 kwa dakika, na magazini yake ya kawaida ni ya risasi 30. Kidole kikibaki kwenye kifyatulio, magazini inaisha kwa sekunde tatu. Jambazi "anayemimina risasi" aya nzima ana magazini ngapi, na anazibadilisha lini? Hiyo nafasi ya kubadilisha ndiyo mlango wa mhusika wako kukimbia, kwa hiyo hesabu inakusaidia wewe.

Kuanguka mita kumi huchukua sekunde 1.4 hivi. Hazitoshi kuwaza utoto wako. Kiwambo cha kuzuia sauti hupunguza mlio wa bastola, hakiufuti. Aliye chumba cha pili atasikia. Na mtu aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu nusu saa haamki, akajifuta vumbi na kupanda ukuta. Hilo ni jeraha la ubongo: atatapika, atasahau, atayumba. Ukimhitaji akiwa mzima, usimpige kichwani.

Waandishi wa hadithi za hazina ndio wanaonichekesha zaidi. Lita moja ya dhahabu ina kilo 19.3. Begi la mgongoni la lita 20 likijaa dhahabu tupu ni kilo 386, na mhusika analitupia begani na kuruka ukuta! Mpe vipande vinavyojaa soksi moja, au mpe punda, au, vizuri zaidi, mlazimishe achague cha kuacha.

Safari nayo inataka jedwali: siku, umbali, maji, chakula, majeraha, mwezi. Kwa mwendo wa mguu, kanuni ya mpanda milima Naismith ya mwaka 1892 bado inatosha: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 15 zenye mpando wa mita 1,200 ni saa tano bila kupumzika. Maji ni kilo moja kwa lita: watu watatu wakinywa lita nne kila mmoja kwa siku, kwa siku tano wamebeba kilo 60. Ni kilo 20 kila mmoja, kabla ya chakula na mizigo mingine. Basi kisima kimekuwa lazima, na mtu anayekilinda ameshajizalisha mwenyewe ndani ya hadithi.

Safu ya mwezi usiidharau. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, ukakaa angani usiku kucha. Mwezi mwandamo huzama muda mfupi baada ya jua, kwa hiyo hauwezi kummulikia mtoro njia saa sita ya usiku. Safu ya majeraha ndiyo inayosahaulika kuliko zote: mkono uliovunjika sura ya nne hufungua kopo sura ya sita.

Pa kukatia tukio ni pale uamuzi unapodaiwa, kabla vumbi halijatua. Zuhura ana mlango unaofungwa na daftari lililo chini ya taa. Hawezi kuvipata vyote. Akichagua mlango, sura inayofuata inaanzia barabarani, mikono mitupu, gauni limechanika. Akichagua daftari, inaanzia ghalani, komeo limeshaingia upande wa nje na Kasimu anajiinua. Mimi ningemfungia.