Estonia ni nchi gani?

Estonia ni jamhuri ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, kwenye ufuko wa mashariki wa Bahari ya Baltiki. Mashariki imepakana na Urusi, kusini na Latvia. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya ghuba, kuna Ufini. Meli ya abiria kutoka Tallinn, mji mkuu, hufika Helsinki kwa muda wa kama saa mbili. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 45,000, kwa hiyo Estonia ishirini zinaenea ndani ya Tanzania na nafasi ikabaki. Wakazi wanazidi kidogo milioni 1.3, na karibu theluthi yao wako Tallinn.

Watu wengi huitia kapu moja na Latvia na Lithuania, kwa jina la nchi za Baltiki. Kwa jiografia na siasa si kosa, ila kwa lugha Waestonia hawana undugu na majirani hao. Kiestonia ni jamaa wa karibu wa Kifini, na kwa mbali wa Kihangaria. Kirusi nacho utakisikia sana, hasa Narva na kaskazini mashariki kwa jumla, kwa sababu familia nyingi za Warusi zilihamia huko enzi za Kisovieti.

Nchi yenyewe ni tambarare. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Suur Munamägi, kina mita 318, na Waestonia wanakiita mlima bila haya. Karibu nusu ya ardhi ni misitu, na visiwa ni zaidi ya 2,000, vikubwa vikiwa Saaremaa na Hiiumaa. Majira ya baridi kali, bahari ikiganda vya kutosha, hufunguliwa barabara rasmi za magari juu ya barafu kwenda visiwani. Humo kufunga mkanda ni marufuku, ili barafu ikipasuka watu watoke upesi. Mwendo wa kati ya kilomita 25 na 40 kwa saa nao umekatazwa, maana huamsha mawimbi chini ya barafu yanayoweza kuivunja.

Nchi hii imetawaliwa na Wadenmark, Wajerumani, Waswidi na Warusi. Ilijitangazia uhuru tarehe 24 Februari 1918, Wasovieti wakaitwaa mwaka 1940, Wajerumani wakaikalia 1941 hadi 1944, kisha Wasovieti wakarudi. Miaka hiyo yote kwaya ziliendelea. Tamasha la taifa la nyimbo, lililoanzia Tartu mwaka 1869, liliwakusanya watu kwa maelfu, na mwaka 1988 umati ulifurika Tallinn kuimba nyimbo za kizalendo zilizokuwa zimepigwa marufuku. Ndiyo maana harakati zile zinaitwa Mapinduzi ya Nyimbo. Uhuru ulirejeshwa tarehe 20 Agosti 1991. Mwaka 2004 Estonia iliingia NATO na Umoja wa Ulaya, na tangu 2011 inatumia yuro.

Leo inasifika zaidi kwa serikali ya mtandaoni. Kitambulisho cha taifa kina chipu na namba mbili za siri: ya kwanza ya kuthibitisha kuwa ni wewe, ya pili ya kutia saini, na saini hiyo ina nguvu ya kisheria sawa na ya kalamu. Kura za mtandaoni zilianza mwaka 2005. Mpiga kura anaruhusiwa kubadili kura yake mtandaoni mara kadhaa katika siku za kura za mapema, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Kwa hiyo aliyemshurutisha mwenzake apige kura mbele ya macho yake hana uhakika wa kitu. Nakala za rekodi muhimu za serikali zimehifadhiwa Luxembourg, tahadhari inayoeleweka kwa nchi iliyowahi kutwaliwa.

Kitu kingine kinachozungumzwa sana ni ukaazi wa kidijitali, ulioanzishwa mwishoni mwa 2014. Mgeni anaweza kuuomba akiwa nchini kwake, akasajili kampuni Estonia na kuiendesha kwa mbali. Lakini si uraia, si viza, wala haukupi ruhusa ya kuishi huko au kuingia Ulaya. Anayeuuza kama njia ya kwenda Ulaya anadanganya.